Mwanga Uliopanda Mara Tatu

— Paukwa!
— Pakawa!
— Kaondoka kizee, kapanda mawe. Kakuta mlango hauna mwenyewe. Kabisha, kangoja, kabisha tena...
— Na sisi tungoje!

Haya, ngojeni basi, lakini mngoje kwa masikio, si kwa kusinzia. Wewe uliyeegemea ukuta, sogea huku motoni; mimi sisimulii kuta. Na wewe unayenong'ona kwamba hii unaijua, huijui. Nyamaza uisikie.

Hapo zamani za kale paliondokea kijiji kilichoitwa Mitawi, chini ya mlima mrefu. Kila jioni mlima ule ulijifunika ukungu tangu kiunoni hadi utosini. Ukitazama usiku huoni mlima wala kilele, unaona mbingu tu, nyeusi tii.

Watu wa Mitawi walikuwa watu wa adabu, na kwa adabu yao walijisifu mpaka wakakera. Kwao huingii nyumba ya mtu bila hodi. Unapiga hodi ya kwanza, unangoja. Unapiga ya pili, unangoja. Unapiga ya tatu, unangoja. Usipojibiwa hiyo ya tatu, geuza urudi ulikotoka, hata kama unamsikia mwenye nyumba anakohoa ndani. Lakini ukijibiwa "Karibu", wewe ni mgeni. Utapewa maji, utapewa kigoda, utapewa chakula, wala hakuna wa kukugusa. Ndiyo ilikuwa sheria yao, na waliifuata.

Kijiji kilizungushiwa ua wa miiba. Ndani ya ua nyumba zilibanana, jirani akipiga chafya jirani anamwambia pole. Nje ya ua ilikuwako nyumba moja tu. Hiyo ilikuwa ya Mwanamvua.

Mwanamvua alikuwa mfinyanzi. Aliletwa Mitawi na mumewe. Mume akafa, mtoto hawakujaliwa, na kwao kulikuwa mbali, tena hakukusalia mtu. Sasa, wafinyanzi wana miiko yao. Vyungu vikiwa motoni, mfinyanzi hasemeshwi, maana akisemeshwa vyungu vinapasuka. Kwa hiyo nyumba yake hujengwa nje, mbali na midomo ya watu. Wana Mitawi wakaanza kwa kutomsemesha siku ya kuchoma vyungu. Wakaendelea kwa kutomsemesha siku ya kuvianika. Wakamalizia kwa kutomsemesha siku yoyote. Aliyetaka chungu alikikuta kando ya njia, akaacha mtama kwenye gae la chungu kilichovunjika, akaenda zake.

Si kwamba walimchukia, la hasha. Walimsahau. Na mimi nawaambia, bora uchukiwe, maana anayekuchukia angalau anakutaja.

Miaka kumi na mmoja ikapita. Kila jioni Mwanamvua alipika, akaweka kigoda cha pili kando ya meko, akautazama mlango. Ng'ambo ya ua alisikia hodi za watu wengine. "Hodi!" halafu kimya, halafu "Karibu!" halafu vicheko. Kwake hodi haikuja. Akala peke yake, akaosha bakuli moja, akalala. Alikuwa mpweke hata akawa anazungumza na vyungu vyake. "Wewe leo mdomo umekupinda, una nini?" Chungu kinanyamaza. Hata vyungu vilikuwa vya Mitawi.

Basi mwaka mmoja, baada ya mavuno, watu wameshakula, mwanga ukaonekana angani. Mwekundu, mduara, hauna mahali uliposhikia. Ukapanda, ukakaa, ukashuka. Ukapanda, ukakaa, ukashuka. Ukapanda, ukakaa, ukashuka. Kisha giza. Usiku wa pili vile vile. Usiku wa tatu vile vile.

Kijiji kikashikwa na hofu. Huyu akasema, "Ni jicho la shetani!" Yule akasema, "Ni nyota imekatika kamba!" Mwingine akasema, "Ni vita vinakuja!" Jumbe Magoma, mkuu wa Mitawi, akatoa amri: "Mwanga ukionekana, kila mtu afunike moto wake kwa majivu, afunge mlango, anyamaze." Ikawa hivyo. Mwanga ukipanda mara ya kwanza, Mitawi yote inazimika. Watoto wakalala bila kushiba, wazee wakatetemeka kwa baridi ya mlimani. Mwezi mmoja, miezi miwili, miezi mitatu.

Jumbe akatuma mwindaji. Mwindaji akafika ukungu unapoanzia, akatupa mishale mitatu, akarudi mbio. "Umeona nini?" "Nimeona ukungu."

Akatuma mganga. Mganga akapanda kidogo, akapiga ramli, akarudi polepole. "Umeona nini?" "Nimeona kwamba panahitajika mbuzi wawili." Akapewa, akala, na usiku ule mwanga ukapanda kama kawaida.

Akatuma mpwa wake, kijana hodari wa kusema. Huyo walimkuta kesho yake kwenye migomba, hatua mia kutoka nyumbani, amelala fofofo. "Umeona nini?" "Nimeona ndoto mbaya, mjomba."

Mnamtafuta Sungura? Leo hayumo. Sungura ana kesi zake kwingine, tumwache.

Ndipo Jumbe akapiga mbiu: "Atakayekuja kuniambia mwanga ule ni nini, nitamjengea nyumba ndani ya ua, mlango wa tatu kutoka kwangu!"

Mwanamvua aliisikia mbiu ile akiwa ng'ambo ya miiba, udongo mikononi. Ndani ya ua! Jirani kulia, jirani kushoto! Akanawa mikono, akajifunga kanga, akapita langoni.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Nani wewe?"

Kumi na mmoja, jamani! Miaka kumi na mmoja anapikiwa ndani ya vyungu vya mama huyu, anamuuliza nani wewe.

"Mimi Mwanamvua. Mfinyanzi."

"Aa! Wewe ndiye wa vyungu."

"Ndimi. Nitakwenda mlimani mimi."

Watu wakatazamana. Mama mmoja akasema, wala hakusema kwa ubaya, "Mwacheni aende. Huyu hana wa kumlilia." Wengine wakaitikia kwa vichwa, kwamba ni kweli. Mwanamvua naye alijua ni kweli, na maneno yale yakamchoma ndani kuliko miiba ya ua.

Akachukua unga kidogo na kibuyu cha maji, akashika njia. Na njiani akaimba:

*Mwanga, mwanga, u wa nani?*
*Natoka chini, naja juu,*
*Nauliza, nijibuni.*

Akakutana na Fisi. "Mwanamvua, wapi?"

"Nautafuta mwanga."

"Una nani wa kukulilia?"

"Sina."

"Basi pita. Mwanga huo naujua. Nilidhani ni karamu, nikapanda nile. Nikasikia mtu analia, nikateremka. Mimi kazi yangu kucheka, vilio siviwezi."

Akapita, akaimba: *Mwanga, mwanga, u wa nani?* Akamkuta Pimbi juu ya jiwe, anapiga kelele hata mishipa ya shingo imemtoka. "Mwanamvua, wapi?"

"Nautafuta mwanga."

"Una nani wa kukulilia?"

"Sina."

"Basi pita. Nauona kila usiku, jirani yangu kabisa, lakini sijauliza. Nina kelele zangu za kupiga."

Akapita, akaimba: *Natoka chini, naja juu.* Ukungu ukamfunika, jua likazama. Juu ya mti mkavu akamkuta Bundi. "Mwanamvua, wapi?"

"Nautafuta mwanga."

"Una nani wa kukulilia?"

"Sina."

Bundi akakunja mbawa. "Mimi ningeujibu ule mwanga," akasema. "Lakini ni nani anayetaka kujibiwa na bundi?"

"Mimi ningetaka," Mwanamvua akasema. Bundi akamgeuzia macho yote mawili.

Akaendelea kupanda kwa kupapasa. Mara, juu ya kichwa chake, mwanga ukapanda! Mwekundu ndani ya ukungu, karibu hata akahisi joto lake. Mwanamvua akaanguka kifudifudi. Akasema, leo nimekwisha, na kweli sina wa kunililia.

Mwanga ukakaa. Pumzi moja, pumzi mbili, pumzi tatu. Ukashuka.

Mwanamvua akainua kichwa. Mwanga ukapanda tena. Pumzi moja, mbili, tatu. Ukashuka. Ukapanda. Pumzi moja, mbili, tatu.

Kungoja kule alikujua. Ndiko kungoja alikokusikia kila jioni ng'ambo ya ua, mtu akiwa amesimama nje ya mlango wa mwenziwe. Si kurefu kwa kuudhi, si kufupi kwa kukosa adabu. Mtisha watu hangoji. Mwizi hangoji. Adui hangoji. Anayengoja hivi ni mmoja tu.

"Lo!" Mwanamvua akasema peke yake gizani. "Huyu anapiga hodi!"

Akainuka, akajipangusa, akausogelea mwanga. Akaona pango, na mbele ya pango kitu kirefu kimeinama. Akasema, "Ho..."

Hakumaliza.

"Karibu! Karibu! Karibu!" Karibu tatu kwa mpigo, kama mtu aliyeziweka akiba muda mrefu na ghala limepasuka.

Lilikuwa zimwi. Ndiyo, zimwi! Msinisogelee hivyo, mtanitia motoni. Zimwi refu kama mnazi, nywele nyeupe hadi magotini, meno mawili tu, moja juu, moja chini, wala hayakutani. Mkononi lilishika mwanzi mrefu sana, na nchani mwa mwanzi pamefungwa kibuyu kilichotobolewa matundu, ndani yake makaa ya moto. Huo ndio mwanga wa angani. Mlima ukiwa umefunikwa, nani angejua kwamba mwanga ule una mwenye kuushika?

Zimwi likampa maji. Likampa jiwe akalie, likalifuta kwanza kwa nywele zake. Likampa asali na ndizi mwitu. Kisha likakaa mbali kidogo, likamtazama anavyokula, machozi yakilitiririka.

"Shikamoo, babu," Mwanamvua akasema, maana sauti ilikuwa imemrudia.

"Marahaba, mjukuu wangu, marahaba. Neno hilo nilidhani limeshanitoka kinywani."

"Babu, wewe hula watu?"

"Bibi yangu alimla mmoja, hapo kale. Alimkaa vibaya tumboni, akatukataza sote." Likacheka kidogo, likaacha. "Tulikuwa mazimwi saba juu hapa. Wakaondoka mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mke wangu, amekufa kabla ya mavuno haya. Baada yake nikasikia kimya. Mjukuu wangu, wewe unakijua kimya?"

"Nakijua."

"Basi nikasema, chini kuna watu. Lakini mama yangu alinifunza, huendi kwa mtu bila hodi. Na sauti yangu ni ya radi, nikipaza watakimbia. Nikaona nipige hodi kwa moto. Na wananisikia! Nikiinua mwanga tu, mioto yao yote inazimika. Nikajua wanafagia. Watu wasafi hao! Miezi mitatu wanafagia, wakimaliza watanikaribisha."

Mwanamvua akatazama chini. Asali ikamgeukia shubiri mdomoni. Angenyamaza, lakini kunyamaziwa alikuwa amenyamaziwa vya kutosha.

"Hawafagii, babu. Wanakuogopa. Wanafunika moto na kujificha."

Zimwi likaulaza mwanzi chini. Likayagusa meno yake mawili, hili na hili. "Wananiogopa mimi," likasema. Wala halikukasirika. Lingekasirika ingekuwa afadhali.

"Rudi kwao," likasema mwishowe. "Waambie ni hodi tu. Kesho nitapiga mara ya mwisho. Wasiojua wakinyamaza, hawajakosa. Wakijua na wakanyamaza, hilo ndilo jibu lao. Nitavunja mwanzi, nitaziba mlango wangu kwa jiwe, nilale. Na nikilala, sitaamka."

Mwanamvua akateremka mbio. Hakuimba. Jua likatoka yuko langoni, akaeleza yote mbele ya Jumbe na watu wote: mwanzi, kibuyu, makaa, hodi.

Watu wakashusha pumzi. "Kumbe ni hodi tu!" Jumbe Magoma akacheka hata kilemba kikamlegea.

"Kumbe lina adabu!" akasema. "Basi kazi imekuwa rahisi. Hodi tatu bila jibu, mgeni hurudi. Tutanyamaza. Limesema lenyewe, leo ndiyo mwisho. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini sisi hatutaki hata kuliwa nusu."

"Jumbe, limezeeka. Lina meno mawili."

"Mawili yanatosha. Mwanamvua, umefanya kazi njema, na mimi ahadi yangu ni ahadi. Leo hii utajengewa. Lakini usiku utafunika moto wako kama wenzio. Atakayejibu, si wetu."

Wana Mitawi wakisaidiana hawashindwi. Jua lilipotua, nyumba ilikuwa imesimama, mlango wa tatu kutoka kwa Jumbe. Wakapangusa mikono, wakaenda kwao kula.

Mwanamvua akaingia, akaketi. Udongo wa ukuta ulikuwa bado mbichi. Upande wa kulia alisikia jirani anapakua. Upande wa kushoto alisikia watoto wanagombania ukoko. Akautazama mlango. Hakuna aliyekuja. Akajiambia, leo wamechoka. Akajiambia, watakuja kesho. Nyumba aliyoitamani miaka yote ameipata, na mtu akipata alichotamani huchelewa sana kukiri kwamba hakikumshibisha. Msimcheke. Hata wewe ungekaa.

Mwanga ukapanda. Mitawi yote ikazimika. Mwanamvua naye akachukua majivu, akafunika moto wake.

Ukashuka. Ukapanda mara ya pili. Gizani akasikia kijiji kizima kinapumua nyuma ya milango, wote wapo, wote wamenyamaza. Ndipo akajua. Kumbe hivi ndivyo walivyokuwa wakifanya kwake.

Mwanga ukashuka. Ukapanda mara ya tatu. Pumzi moja. Pumzi mbili. Pumzi tatu. Haukushuka. Pumzi nne. Zimwi la watu lilikuwa linasahau adabu kwa ajili ya matumaini. Pumzi tano.

Mwanamvua akafukua majivu kwa mikono. Akazoa makaa kwenye gae, akatoka, akakimbia. Akapita mlango wa Jumbe, akapita lango la ua, akafika kwenye tanuri lake nje, kuni na nyasi zimeshapangwa. Akatupa makaa. Akapuliza. Moto ukalipuka, ukapanda juu kuliko miiba, juu kuliko mapaa, usiku ukawa mwekundu.

"Karibu!" akapiga kelele kuelekea mlimani. "Karibu kwangu! Karibu!"

Nyuma yake akasikia lango likifungwa, na sauti ya Jumbe, "Mwanamvua! Umetoka mwenyewe!" Hakugeuka.

Juu mbinguni, mwanga ukatetemeka, kisha ukaanza kushuka. Lakini haukuzimika. Ulishuka mteremko wa mlima, ukipotea kwenye miti na kuonekana tena, polepole, kama anavyoshuka mtu mzima mwenye magoti mabaya.

Mwanamvua akaingia nyumbani kwake, ile ile ya zamani. Akafagia. Akateka maji. Akatia chungu mekoni, akasonga ugali wa watu wawili, na ugali wa zimwi mnaujua wenyewe, alikomba unga wote. Kisha akaketi. Alfajiri akasikia nyayo nzito zinasimama nje. Akasikia mtu anasafisha koo.

"Hodi," ikasema sauti, nayo ilijitahidi isiwe ya radi.

Mwanamvua akafungua kinywa. Neno halikutoka. Miaka kumi na mmoja alilifanyia mazoezi, na sasa limekwama kooni.

Pumzi moja, mbili, tatu.

"Hodi," sauti ikasema, chini zaidi.

Akashika koo kwa mikono miwili. Machozi yalitoka, neno halikutoka. Pumzi moja, mbili, tatu. Nje akasikia mguu mmoja umegeuka kwenye changarawe.

"Hodi..."

"Karibu," Mwanamvua akasema. "Karibu ndani, mgeni wangu."

Zimwi likainama sana, likapita mlangoni, likaketi kwenye kigoda. Kigoda kikavunjika. Wakacheka wote wawili hadi jua likatoka.

Na Mitawi je? Usiku uliofuata walingoja mwanga, haukupanda. Usiku wa tatu haukupanda. Jumbe Magoma akawaambia watu wake, "Mmeona? Tumenyamaza, limeondoka." Wakampigia makofi. Vyungu waliendelea kuvichukua kando ya njia, na walishangaa kidogo kwamba siku hizi vimekuwa vikubwa mno.

Ngano hii inatufunza hivi: anayekupigia hodi hajakuomba nyumba, amekuomba neno moja. Mpe. Na usijisifu kwa adabu ya mlangoni kama umeshazoea kunyamaza ndani.

Mimi mwenyewe nilipita pale wakiwa wanakula. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikapewa bakuli zima la mchuzi. Nyama? Nyama zimwi lilikuwa limeshamaliza, kwa meno yake mawili.

Hapo ndipo ngano yangu inapokaa kitako. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe, nimeizoea. Na kesho mkileta kuni, msizitupe nje mkakimbia. Nipo ndani.